Mbeba boksi kaja likizo: Dar kwa elfu ishirini kwa siku

Nilikuwa kimya, majaribio matatu ndani ya wiki moja si mchezo, na bumu nalo likawa linasuasua. Ila nipo, hapa hapa Chang'ombe, DUCE, na leo nina stori ya utalii. Msicheke. Mwalimu mtarajiwa naye ana haki ya kuwa mtalii, tena ndani ya mji anaoishi.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuja likizo toka Toronto, Kanada. Aliondoka hapa Temeke ana miaka kumi na miwili, karudi ana ishirini na tisa. Mnajua mtu akitokea majuu mambo yanavyokuwa. Kabla hata ndege haijatua, mjomba alishapiga hesabu ya mashine ya kusaga, jirani ana mtoto wa kusomeshwa, na vijana wa kijiweni pale Mbagala Rangi Tatu wanasubiri simu utadhani zinagawiwa bure kule Kanada. Siku ya pili usiku dada akanivuta pembeni: "Mdogo wangu, mimi nabeba maboksi. Kweli kweli, siyo msemo." Anafanya shifti ya usiku kwenye ghala, mchana anasoma, na hela ya tiketi kaidunduliza miaka miwili. Bajeti ya matembezi ni elfu ishirini kwa siku, humo humo yeye na mimi. "Nataka niione Dar, maana niliondoka sijaiona."

Nikamuuliza, huko kwenu mtu asiye na hela anatembeaje? Wadau, nilipata somo. Kuna ule mnara maarufu, CN Tower, mita 553, ulimalizika kujengwa mwaka 1976. Kupanda juu ni zaidi ya dola 40 za kwao. Kaishi kule miaka kumi na saba, hajapanda hata mara moja, anautazama toka chini kwa sababu kutazama hakuna kiingilio. Jumatano jioni jumba la sanaa la Ontario linaingiza watu bure, ndiyo siku anayokwenda. Majira ya machipuo anakwenda High Park kuona maua ya miti waliyopewa na watu wa Tokyo mwaka 1959, nayo bure. Nauli ya basi ni dola tatu na senti, ila ukishalipa unabadilisha magari utakavyo kwa masaa mawili, basi yeye mizunguko yake yote anaibana humo humo. Akamaliza hivi: panda wanachopanda wenyeji, kula wanapokula wenyeji, vya bure vitangulie.

Basi bwana, siku ya kwanza tukadandia daladala toka Mbagala, barabara ya Kilwa, hadi Posta. Mimi nasoma Historia na Kiswahili, hivyo nikajipa kazi ya kuongoza msafara. Nikamwonyesha sanamu ya Askari, imesimama pale toka mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Dada akaguna: "Wapagazi? Kumbe wabeba boksi tuna mnara wetu." Nilicheka, halafu nikanyamaza. Somo hilo nimelisoma mihula miwili na sikuwahi kulitazama upande huo.

Tukachapa lapa hadi kanisa la Azania Front, kisha Feri. Kuvuka kwenda Kigamboni shilingi mia mbili kwa kichwa. Kule Toronto nako kuna feri ya kwenda visiwani, kama dola tisa kwenda na kurudi, na watu wanaipanda wapate kuutazama mji wao toka majini. Hapa watu wanapanda wana ndoo za samaki na baiskeli, hakuna anayetazama mji, ni sisi wawili tu tumeng'ang'ania ukingo kama wageni. Dar toka majini ni nzuri jamani, nendeni mkaone. Kurudi tukapitia Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa Aprili 2016, mita 680. Tulilivuka kwa miguu, upepo wa kufa mtu, tukatokea Kurasini.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Tulikwenda Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, Kinondoni. Pale kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, ya Kizaramo, ya Kihaya, ya Kichaga na nyingine, zimejengwa jinsi wazee walivyokuwa wakijenga, unaingia mpaka ndani. Sasa getini bei ya Mtanzania na bei ya mgeni si sawa. Mama wa tiketi alishasikia Kiswahili cha dada, cha Temeke kabisa, akauliza kwa mazoea tu: "Watanzania wawili?"

Dada alichukua uraia wa Kanada. Na sheria yetu, kama mnavyojua, mtu mzima hawezi kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa kule, wa hapa umekwenda. Pale angeitikia tu na yangekwisha, nani angemuuliza? Na kwa bajeti ile, tofauti ya bei ilikuwa ni chakula chetu cha mchana. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Mmoja Mtanzania, mmoja mgeni." Akalipa.

Ndani hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye nyumba ya Kizaramo. Bibi yetu ni Mzaramo. Alikaa chini, akashika ukuta wa udongo, akasema: "Kule wananiuliza natoka wapi, nasema Tanzania. Hapa nimeulizwa, nimesema mgeni." Nikamwambia, dada, karatasi ni karatasi, Bibi hajakuomba pasipoti. Akacheka na machozi yakamtoka hapo hapo. Mchana tulikwenda Coco Beach, tukala mihogo ya kukaanga na pilipili, sahani moja wawili, maana hesabu ilikuwa imeshavurugika.

Sikumwelewa sawasawa mpaka usiku wa kuondoka. Aliwaita watu wote ukumbini, akamwamkia Bibi, shikamoo, akamwekea bahasha mkononi. Laki nne. Akasema mbele ya mjomba na wote: hizi ni za dawa za presha za Bibi, na ndizo nilizobakiza, mashine ya kusaga sina. Chumba kikawa kimya. Mjomba akainama, halafu akauliza polepole, "Kwani huko unafanya kazi gani, mwanangu?" Dada akamweleza yote, ghala, usiku, baridi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza toka ashuke kwenye ndege.

Kumbe zile daladala, ile mihogo, kule kutembea juani, kote alikuwa akiijaza ile bahasha. Na bado alipoulizwa getini alilipa bei ya mgeni bila kupindisha neno. Mimi nitakwenda kufundisha uraia siku moja, maana shuleni hawakuulizi umesomea nini, wanakupa kipindi tu. Mfano ninao tayari.

Kwa hiyo wadau, bumu likitoka msilimalize lote kwenye chipsi mayai. Mia mbili ya Feri, nauli ya daladala, kiingilio cha Makumbusho cha Mtanzania, hayo tunayaweza. Na mkiwa na ndugu ughaibuni, leo mpigieni. Msiombe kitu. Mwulizeni tu anafanya kazi gani na kama amekula.

Haya, narudi kwenye desa. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.