Tumbusi Wasiofika Kiamaiko

Safari ya kutembelea jamaa ilitupeleka Nairobi, kwenye mitaa ya upande wa mashariki ambayo wenyewe huiita Eastlands. Shauri Moyo na Pumwani tulipita kwa haraka, kwani mwenyeji wetu alikuwa akitungoja Kiamaiko, karibu na Huruma, mahali ambapo mbuzi wanaoletwa kutoka kaskazini huchinjwa kwa mikono ya Waislamu. Msomaji aliyewahi kupita hapo hahitaji kusimuliwa harufu yake.

Juu ya mapaa ya mabati walisimama makorongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, mfano wa wazee wanaosubiri kugawiwa mirathi. Mwewe walizunguka juu yao. Hawa tuliwaona pia Dandora, kwenye jaa kuu la mji. Tuliyemkosa ni tumbusi. Penye damu na matumbo kiasi kile, hakuwapo hata mmoja.

Sisi wa pwani tumezoea kunguru, wale waliotoka Bara Hindi wakajifanya wenyeji, na huenda tukadhani kwamba ndege mla uchafu hawezi kwisha. Sivyo. Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliwekwa, katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwenye daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Mmoja ni yule mdogo mwenye manyoya mororo kisogoni kama kofia, ambaye Kampala amezoeleka kwenye machinjio. Mwingine ni yule wa majabali ya Hell's Gate, Naivasha; mwenzake mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973, katika kimo cha zaidi ya mita 11,000. Jike, kwa kawaida, hutaga yai moja tu.

Haya tulimweleza mwenyeji wetu baada ya Isha, mkewe akitumiminia chai ya maziwa. Alinyamaza muda.

"Sheikh," akasema, "nina swali, na nimelibeba miaka mingi."

Katika ujana wake alichunga mbuzi kaskazini. Fisi alipoua mbuzi wanne usiku mmoja, yeye na nduguye waliunyunyizia mzoga dawa ya kuulia wadudu wa shambani. Kulipokucha, fisi hakuonekana. Walioonekana ni tumbusi, wametapakaa kila upande, wengine wangali wakipigapiga mbawa. Walihesabu hadi thelathini, wakaacha.

"Je, lipo deni juu yangu?"

Swali lile lilitukalisha kimya. Madrasa tulifundishwa wale watano ambao Mtume (s.a.w.) aliruhusu wauawe hata ndani ya Haram, humo mna kunguru na mwewe, tumbusi hayumo. Tulisoma pia kwamba baadhi ya mafakihi wa Kishafii walimhesabu miongoni mwa viumbe wasio na nufaa wala madhara ya dhahiri, ambao kuwaua ni makruhu, na walipoishia wao nasi tuliishia. Lakini mafakihi wale hawakuiona India ya miaka ya 1990. Huko, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe iliua tumbusi kwa mamilioni walipokula mizoga yao, hata serikali ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Mizoga ilirundikana, mbwa wakazidi, na kichaa cha mbwa kikaandamana nao. Tindikali ya tumbo la tumbusi huweza kuua hata vijidudu vya kimeta; mfugaji anajua kimeta ni nini. Tulimwambia, basi, kwamba yule wa vitabuni aliyekuwa hana nufaa amekwisha kutudhihirishia nufaa yake.

Kuhusu deni, tulimjibu kwamba kafara maalumu hatukuisoma, ila toba ina sharti la kuacha.

"Niliacha zamani."

"Na nduguyo?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Shemeji bado anachunga, Sheikh, na fisi bado wapo." Akauchukua mkono wa mumewe, akamtia simu kiganjani.

Iliita muda mrefu. Walizungumza Kiborana, tulilolielewa ni neno "dawa" peke yake, lililorudiwa mara tatu, na kicheko cha upande wa pili, ambacho baadaye kilikatika.