Ukitoka Ruhembe, picha zisiwe kwenye simu moja

Familia inayosafiri kutoka Morogoro kwenda Ruhembe hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kwa takribani kilomita 50 barabara kuu ya kwenda Iringa hukatiza hifadhini, na watoto huona twiga na pundamilia kupitia dirisha la basi. Mikumi mjini, njia ya Kidatu huchepuka kushoto. Mbele ndiko iliko Ruhembe, wilayani Kilosa, kwenye mashamba ya miwa, na milima ya Udzungwa ikionekana kwa mbali.

Siku tatu kwa bibi zinatosha kujaza simu: twiga wa njiani, babu akimmenyea mjukuu muwa, bibi na vitukuu wake mlangoni. Mara nyingi simu hiyohiyo ndiyo yenye picha ya kadi ya kliniki ya mtoto na cheti cha dawa. Ikiibwa stendi au ikidumbukia kwenye ndoo ya maji, simu nyingine itanunuliwa. Picha ya bibi huenda isipatikane tena.

Kuzihifadhi hakuhitaji kompyuta. Pasipo bando, tumia flashi yenye vichwa viwili, kimoja cha simu na kingine cha kompyuta. Ichomeke kwenye simu, nakili picha, kisha ifungue uone kama zimeingia. Isikae mkoba mmoja na simu. Mpe mwenzi wako aibebe. Memori kadi iliyo ndani ya simu si akiba, kwa sababu simu ikienda nayo inaenda.

Wenye bando wanaweza kutumia Google Photos, inayotoa nafasi ya GB 15 bure, ingawa nafasi hiyo hutumiwa pia na barua pepe. Picha moja ikiwa na MB 5, picha 200 ni takribani GB 1 ya bando. Hivyo chagua kwanza zile usizotaka kuzipoteza. Video zisubiri Wi-Fi. Angalizo: picha iliyokwisha kupanda mtandaoni ukiifuta ndani ya programu hiyo, hufutika na kule pia. Kama unataka kupunguza mzigo wa simu, tumia kitufe chake cha kuongeza nafasi.

Wengi hutegemea kundi la familia la WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Itume kama dokumenti ibaki ilivyo. Kadi ya kliniki na cheti cha dawa visiende kwenye kundi. Hizo ni siri za mtoto, mtumie mzazi mwenzako peke yake.

Jambo linalosahaulika zaidi ni nywila. Wazazi wengi walifunguliwa barua pepe na muuza simu dukani, na hawajui hata jina lake. Picha zikihifadhiwa humo, simu ikipotea, zipo lakini hazifunguki. Kabla ya safari, badilisha nywila uweke unayoijua wewe, iandike daftarini na uliache nyumbani. Kisha jaribu kuingia kwa kutumia simu ya mwenzi wako.

Jioni ya mwisho Ruhembe, mizigo ikifungwa, tenga nusu saa ya kunakili. Bibi naye aachiwe nakala zake, kwenye simu ya mjukuu anayekaa naye.