Nyuki, Tembo na Kalamu Zetu

Wahenga walisema, mfuata nyuki hakosi asali. Nami napenda kuwaonyesha wasomaji wa gazeti letu kwamba hapa Tabora mfuata nyuki hapati asali peke yake. Hulinda pia msitu na wanyama waliomo. Tena sisi wanafunzi twaweza kumsaidia kwa gharama ndogo sana.

Sote tumefundishwa habari za njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe, ikaenda hadi Ujiji. Wengi wetu tumekwisha kwenda Kwihara kulitazama tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Mzigo mkubwa wa misafara ile ulikuwa pembe za ndovu, zilizobebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Katika biashara hiyo tembo alikuwa na thamani akiisha kufa tu. Wala mambo hayo si ya kale peke yake. Kwa sababu ya ujangili, tembo wa Tanzania walipungua kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014. Ujangili ulipodhibitiwa ndipo walipoanza kuongezeka tena.

Asali ni biashara ya namna nyingine kabisa, kwani nyuki hutaka miti iliyo hai na yenye maua. Aliyetundika mizinga yake katika miombo hapendi kuona mtundu ukikatwa wala moto ukiwashwa ovyo. Na msitu ukibaki, palahala na tembo nao hupata makao. Huko Ipole wilayani Sikonge, na Uyumbu wilayani Urambo, vijiji vilitenga sehemu ya ardhi yao kuwa Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori. Na katika nchi jirani ya Kenya, mtafiti Lucy King alionyesha kwamba tembo humwogopa nyuki. Basi wakulima huzungushia mashamba yao uzio wa mizinga. Tembo hurudi porini bila kudhuriwa, na mwenye shamba hurina asali.

Likizo iliyopita nilikwenda Sikonge kwa baba mdogo. Yeye na wenzake tisa wameanzisha kikundi cha kufuga nyuki. Hutumia mizinga ya mbao, kwa kuwa mzinga wa gome huua mti uliobanduliwa. Asali yao ni nzuri, lakini waliiuza kando ya barabara katika chupa za maji zilizokwisha tumika. Wasafiri walitaka wapunguziwe bei, na wengine wakauliza kama haikuchanganywa na sukari. Mchoraji mmoja wa mjini aliwatajia bei ya kuwatengenezea lebo, nayo ilizidi mapato yao ya msimu mzima. Jioni moja baba mdogo aliniambia, "Mwanangu, mambo yakiendelea hivi, mwakani narudi kwenye mkaa. Mkaa hauulizwi jina."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Shule ilipofunguliwa niliwaeleza wenzangu wawili. Mmoja ana mkono mwepesi wa kuchora, na wa pili huandika Kiswahili safi. Mwalimu wetu wa sanaa alituruhusu kutumia chumba chake Jumamosi mbili. Mchoraji wetu alitaka kuchora simba, lakini tulikubaliana kwamba simba hahusiani na asali. Tukachora mzinga uliotundikwa juu ya mtundu, na chini yake tembo akipita mbali kidogo. Tukaandika jina la kijiji, uzito, na mwezi asali iliporinwa. Alama ya TBS hatukuichora, kwa kuwa hutolewa na Shirika lenyewe baada ya kupima bidhaa. Haichorwi na mwanafunzi.

Kisha tulikwenda steshenari. Karatasi moja ilitoa lebo 12, na karatasi kumi zikatosha chupa 120. Fedha zote tulizochanga hazikufika shilingi 10,000. Kikundi chenyewe kilinunua chupa mpya zenye vifuniko.

Kabla ya muhula kwisha, baba mdogo alileta habari kwamba chupa zote 120 zimekwisha, tena kwa bei waliyoipanga wao. Mwaka huu hakurudi kwenye mkaa. Ameongeza mizinga mitano.

Sisemi kwamba lebo 120 zimeokoa msitu. Miombo ingali ikikatwa kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku, na mvua zikikosa mizinga hubaki mitupu. Lakini watu kumi wamepata sababu ya kuulinda msitu ulio karibu na nyumba zao, na sababu hiyo wanaiona mifukoni mwao.

Yasidharauliwe mambo yaanzayo kwa udogo. Mwaka 1991 wanafunzi 12 tu wa Dar es Salaam walikutana na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, na hapo ikaanza Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi. Nasi tunazo kalamu, rangi na Jumamosi zetu. Kila mwanafunzi atakaporudi kwao, na aulize ni nani kijijini ameanza kazi njema isiyoharibu pori, kisha amwulize akosa nini. Huenda akosacho ni kitu ambacho sisi tumefundishwa darasani bure. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu