Nilidanganya Kuhusu Nyumbani Nikiwa Kwenye Igizo la Mabucha Mawili

Leo sina ubuyu wa staa yeyote, kwa hiyo mliokuja kutafuta nani kaachana na nani, rudini kesho. Leo nasimulia habari yangu mwenyewe, na anayechafuka humu ni mimi.

Wengi mnajua niko Kigali, mwaka wa pili sasa, nasuka nywele Nyamirambo. Ukitoka kwetu Kaniha, Biharamulo, unatafuta gari mpaka Lusahunga, unashika barabara ya Rusumo, unavuka daraja, umeshakuwa mgeni. Ila Nyamirambo sijisikii mgeni sana maana Kiswahili kipo, misikiti ipo, chapati zipo. Jumamosi moja mteja akaniambia kuna vijana wanaonyesha igizo la Kiswahili, kisa chenyewe cha Tanzania. Nikasema hili lazima niende, nikawacheke wanavyoikosea lafudhi yetu.

Basi bana, igizo ni mtaa mmoja, mabucha mawili yanatazamana. Zamani bucha lilikuwa moja, Muislamu anachinja, wote wanakula. Siku moja Mkristo akasema na yeye ana kisu. Wateja wakaanza kunusa nyama kama vile dini inanuka. Akaja mama mmoja na kikapu, akasema, "Nipimieni nusu kilo isiyo na dini, watoto wana njaa." Watu tulivunjika mbavu. Mimi nilicheka mpaka machozi.

Halafu zikasikika kelele nyuma ya pazia. Kijana akaingia mbio, shati lina damu, akasema mchungaji kauawa. Ukumbi kimya.

Mama mtu mzima aliyekaa pembeni yangu akainama akaniuliza, "Mwanangu, wewe si Mtanzania? Haya yalitokea kweli kwenu?"

Nikajibu fasta, "Hapana mama, ni maigizo tu. Kwetu ni kisiwa cha amani."

Akasema, "Nami nilishangaa. Nyinyi ndio mlitupokea." Akaniambia mwaka 1994 alivuka Rusumo akiwa binti mdogo. Mwezi Aprili mwaka ule watu wapatao 250,000 walivuka daraja lile ndani ya kama siku moja tu, wakaingia Ngara, wakajaa Benako. Yeye alikuwa mmoja wao. Mtu kama huyo ananisifia nchi yangu, na mimi nimemdanganya mchana kweupe.

Kwa sababu yalitokea jamani. Tuliokulia Kanda ya Ziwa tunakumbuka ugomvi wa kuchinja. Mwanza na Geita baadhi ya Wakristo walisema wamechoka, na wao wachinje nyama ya kuuza. Waislamu wakasema huo ndio utaratibu tangu zamani, ili kila mtu aweze kula. Tarehe 11 Februari 2013, pale Buseresere, kwenye barabara ya Biharamulo kwenda Geita, watu wakapigana na mchungaji mmoja akauawa. Siku sita baadaye padri akapigwa risasi Zanzibar. Hayo yalikuwa mambo mawili tofauti, lakini kijijini kwetu yalifika kama habari moja.

Nilikuwa na miaka 12. Jirani yetu mmoja, mzee wa Kiislamu, nilimwita babu. Yeye ndiye alikuwa anatuchinjia. Mbuzi wa Krismasi, mbuzi wa Pasaka, hadi kuku wa ubatizo wa mdogo wangu. Malipo yake yalikuwa shingo na kikombe cha chai. Idi ikifika, sinia la pilau linatoka kwake linakuja kwetu.

Pasaka mwaka ule ilikuwa tarehe 31 Machi. Asubuhi baba akaniambia, "Nenda kamwambie babu mwaka huu asisumbuke."

Nikamkuta chini ya mwembe, anakinoa kisu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbuzi mmeshamfunga?"

Nikamwambia nilivyotumwa. Hakuuliza kwa nini. Alikifuta kisu taratibu, akakikunja kwenye kipande cha gunia, akasema, "Haya. Msalimie mama yako."

Baba alichinja mwenyewe. Hakujua. Yule mbuzi alilia muda mrefu mpaka mama akaingia ndani. Idi ilipofika, sinia halikuja.

Kaniha hakufa mtu. Hakuna bucha lililochomwa. Serikali ilisema utaratibu wa zamani uendelee, redio zikahamia kwenye habari nyingine. Ndiyo maana ni rahisi kusema kwetu ni amani tupu. Lakini ile ilikuwa amani ya kupishana njiani, shikamoo, marahaba, huku kila mtu anaangalia tairi la baiskeli yake. Hatujawahi kuliongelea mpaka leo. Na mimi nilikuwa nalisema lile neno "kisiwa cha amani" kama mtu anayefunika sufuria ili wageni wasione kilichoungua.

Igizo lilipoisha nikamsubiri yule mama mlangoni. Nikamwambia, "Mama, nilikudanganya. Yalitokea. Na mimi nilitumwa."

Akanishika mkono. "Nilijua. Wenzako walikuja kucheka tena, wewe hukucheka tena."

Usiku nikampigia baba. Nikamuuliza babu yupo? Akasema yupo, macho ndiyo yanamsumbua. Nikamwambia nimeona igizo, nikamsimulia lote, mpaka yule mama wa nusu kilo. Baba hakucheka. Akakaa kimya mpaka nikadhani vocha imeisha.

Nikasema, "Baba, nataka nimuombe msamaha."

Akasema, "Wewe ulikuwa mtoto, ulibeba maneno yangu. Ukija Desemba tutaenda wote wawili. Peke yangu nimeshajaribu mara mbili, nikaishia kwenye mwembe."

Kwa hiyo Desemba narudi Kaniha. Sijui babu atasema nini, na macho yake hayo sijui kama bado anashika kisu. Mbuzi nitamnunua mimi. Shingo ni yake.

Na nyie wa Kanda ya Ziwa, mwaka ule kwenu ilikuwaje? Nani alitumwa, nani alituma? Tiririkeni hapo chini, ila matusi ya dini ya mtu sitaki. Nitafuta.