Rudi Upesi, Mwalimu

Katika kazi ya ukatekista kuna maneno matatu ambayo tumeyasikia mara nyingi mno: "Rudi upesi, Mwalimu." Tumeyasikia shambani, tumeyasikia sokoni, na siku moja tumeyasikia tukiwa katika safu ya kuteka maji na madumu mawili mkononi. Mara nyingi sababu ilikuwa ya kweli. Mgonjwa anataka kubatizwa kabla ya kufa, au Padri amekwama njiani na watu wamekwisha jaa kanisani. Kwa wito wa namna hiyo hatukununa hata siku moja. Lakini leo twataka kusimulia wito mmoja ambao haukuwa na haja yo yote, maana ulituondolea kitu ambacho hatuwezi kukipata tena.

Sisi tulizaliwa katika kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, na kazi yetu tunaifanya mjini Goma. Parokia hatutaitaja, kwa kuwa watu wake ni wema, na mambo haya yangeweza kutokea po pote. Mwaka 2018, sakramenti za watoto zilipokwisha na shule zilipofungwa, Padri alitupa ruhusa ya majuma mawili. Ilikuwa ruhusa yetu ya kwanza baada ya miaka mitatu. Tukapanda boti Jumatatu, tarehe 13 Agosti, tukiwa na misumari, sabuni, na kilo mbili za sukari kwa wazee.

Baba yetu macho yake yalikuwa yamepungua, ila miguu bado ilikuwa na nguvu. Tangu Pasaka alikuwa akituma neno kwamba anataka kutuonyesha mipaka ya shamba. Kisiwani kwetu ardhi ni kidogo na watu ni wengi. Shamba la mtu na la jirani yake hutenganishwa na mti, au jiwe, au mfereji mdogo, na wengi wetu hati hatuna. Mpaka huwa katika kichwa cha mzee, naye alionyeshwa na baba yake. Kwa kuwa tu mtoto wa kwanza, ilikuwa zamu yetu.

Jumatano tulisali sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Alhamisi tulitengeneza jiko la mama, ambalo ukuta wake mmoja ulikuwa umeanguka. Ijumaa tulikanda udongo tena, na jioni Baba akasema, "Kesho tutatembea, mwanangu. Tutaanza juu kwenye mikahawa, tutamaliza chini kwenye kijito. Uangalie vizuri, maana sitaweza kutembea mara mbili."

Huko kwetu simu haishiki mpaka mtu apande kilima. Jioni ile tulipanda ili kuwasalimu mama watoto na watoto waliobaki Goma. Kabla hatujawapata, simu ikalia. Ilikuwa ya parokia. "Mwalimu, rudi upesi. Kazi imekwama. Ni jambo la ndoa." Kisha ikakatika.

Hapa hatuna budi kuungama kosa letu. Hatukujaribu kupiga tena kuuliza ni jambo gani, ni ndoa ya nani, na kama mwingine hawezi kulifanya. Kwa nini hatukuuliza? Tukisema kweli mbele ya Mungu, tulifurahi. Tuliteremka kilima kile kwa haraka kama mtu aliyepewa habari njema. Tulijisema moyoni, "Tazama, bila sisi hawawezi." Kuitwa kuna utamu wake, na aliyekaa seminari miaka kadhaa kisha akatoka bila kupata upadri, kama sisi, utamu huo anaujua kuliko wengine.

Tulipomwambia Baba, alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kazi ya Mungu siwezi kuipinga. Nenda, mwanangu. Mipaka haikimbii." Mama alitufungia mananasi mawili katika kitambaa.

Jumamosi alfajiri tukapanda boti. Ziwa lilikuwa limetulia, na njia nzima tulikuwa tukipanga maneno ya kuwapatanisha watu wa ndoa, maana tulidhani wamegombana. Tulifika parokiani kabla ya adhuhuri. Karani alikuwa akinywa chai. Akatukaribisha kwa furaha, akatusogezea kiti.

"Ndoa ina shida gani?" tukauliza.

"Ah, Mwalimu, ilikwisha. Tulikuwa tunatafuta jina la bibi arusi katika kitabu cha ubatizo, hatulioni. Kumbe tulikuwa tunatazama kitabu cha mwaka mwingine. Kile chenyewe kilikuwa kabatini, chini ya vitabu vya nyimbo. Msichana mmoja wa kwaya alikipata jana usiku."

"Mbona hamkutuambia?"

"Tulipiga, lakini simu yako haikuingia. Tukasema, bila shaka amekwisha anza safari."

Hatukukasirika. Wasomaji wangefikiri kwamba tuligeuka palepale na kurudi bandarini. Tulikusudia hivyo. Lakini karani alikuwa bado hajamaliza chai yake aliposema, "Maadamu umekwisha fika, Mwalimu..." Maadamu tumefika, tusaidie kutangaza ndoa kesho. Maadamu tumefika, Jumanne kuna mkutano wa viongozi wa mashirika. Maadamu tumefika, wale wazazi wawili wanaotaka kujua habari za ukatekumeni waje leo. Ndivyo siku zilivyokwisha, moja baada ya moja, mpaka ruhusa ikawa imekwisha. Tangu hapo twaliogopa neno "maadamu" kuliko neno "rudi." Kinachomwita mtu humchukulia siku moja tu, bali kinachomkuta akiwa amekwisha fika humchukulia zote.

Hatusemi haya kwa kutojua mafundisho. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake Laborem exercens ya mwaka 1981, ameyaweka mapumziko kati ya haki za mfanyakazi: Dominika katika kila juma, na tena muda mrefu zaidi katika mwaka. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 533, inampa paroko mwezi mmoja kwa mwaka wa kupumzika, na siku za mafungo ya kiroho hazihesabiwi humo. Nchi yetu nayo ina sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, inayompa mfanyakazi mtu mzima angalau siku moja ya likizo kwa kila mwezi mzima aliofanya kazi, na kumwongezea siku moja kwa kila miaka mitano. Katekista wengi hawana mkataba wa kazi, basi sheria hiyo wao huisikia kwa mbali tu, kama ngoma ya kijiji kingine.

Ndugu mmoja, tulipomsimulia haya, alitujibu kwa Injili ya Marko, sura ya 6. Mitume walikuwa wamechoka, Bwana wetu akawachukua kwa mashua waende mahali pa faragha kupumzika, lakini watu wakawatangulia kwa miguu. Akatuambia, "Umeona? Mtumishi hana likizo." Tulikwenda tukaisoma tena sura hiyo polepole. Tuliona kwamba umati ule ulipowafikia, aliyeuhurumia na kuufundisha ni Yesu mwenyewe. Mitume hakuwapa kazi mpaka siku imekwisha sana na watu wana njaa. Njaa ya watu elfu tano ni sababu ya kukatiza mapumziko ya mtu. Kitabu kilicho chini ya vitabu vya nyimbo si sababu.

Na wakazi wa Goma twaijua sababu ya kweli tunapoiona. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mkesha wa Pentekoste, mlima Nyiragongo ulilipuka. Moto wake ukateremka mpaka vitongoji vya kaskazini ya mji, ukala nyumba na kuua watu. Tarehe 27 serikali ikaamuru watu wa kata kumi za mji waondoke mara moja, na njia ya Sake ikajaa watu, magodoro na mbuzi. Katekista mwenzetu mmoja alikuwa huko Sake kwa shemeji yake, akipumzika baada ya kazi nyingi za Pasaka. Hakuna aliyempigia simu. Tulipofika tumechoka, tulimkuta amesimama kando ya njia na daftari la shule, akiandika majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Alifanya hivyo siku hata siku, na watu walipoanza kuruhusiwa kurudi Goma, tangu tarehe 7 Juni, yeye alirudi pamoja na kundi la mwisho. Ruhusa yake iliishia hapo, na hatukumsikia akiizungumza.

Sisi nasi, baada ya mambo ya mwaka 2018, tulinunua daftari. Tuliandika humo kila kitabu cha parokia kiko kabati gani, rafu ya ngapi, na miaka gani imo ndani yake. Ufunguo wa pili tulimpa yule msichana wa kwaya, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili na anavijua vitabu vile kuliko sisi. Kwa kweli tulichelewa kuandika daftari hilo. Tulikuwa tumeyaweka yote kichwani mwetu miaka mingi, nasi tulijua kwa nini.

Baba yetu alifariki kabla ya Noeli ya mwaka uleule. Habari ilitufikia usiku, na tulipofika kisiwani asubuhi walikuwa wamekwisha kumwosha. Padri wa huko alimzika vizuri, na watu walikuwa wengi.

Mpaka wa juu, kwenye mikahawa, mdogo wetu anaujua, kwa kuwa alikuwa akilima huko. Upande wa chini hakuna anayeujua. Jirani ni mtu wa amani, tunasali naye kanisa moja, wala hajatugombeza. Yeye husema kwamba baba yake alimwambia mpaka unapita kwenye mparachichi. Nasi twakumbuka Baba akitaja mparachichi. Kila tunapokwenda huteremka pamoja naye hadi kijitoni, tukasimama pale na kutazama. Miparachichi iko mitatu.