Bunia: Mbwa analinda nyumba, nani anamlinda mbwa?

Mwaka 2018, mama mmoja alipokimbia vita katika eneo la Djugu pamoja na watoto wake wanne, hakubeba vitu vingi: godoro moja, sufuria mbili na nguo walizovaa. Mbwa wao, Simba, hakuitwa na mtu. Aliwafuata tu nyuma, siku mbili barabarani, mpaka Bunia.

Huko Mudzi-Pela walikopata nyumba ya chumba kimoja, majirani walimjua Simba upesi kuliko walivyomjua mama mwenyewe. Mchana mama akienda soko kuu kuuza samaki wa Ziwa Albert, Simba alibaki mlangoni na watoto. Usiku wezi walijaribu milango ya wengine, huo wakauacha. Malipo yake yalikuwa vichwa vya samaki na ugali uliobaki. Chanjo hakuwahi kupata. Mama alijua kwamba chanjo iko, lakini kila mwezi kulikuwa na jambo la kulipa kwanza: kodi ya nyumba, pesa ya masomo, dawa ya malaria.

Asubuhi moja mbwa asiyejulikana aliingia kupitia pengo la uzio, mate yakimtoka, akiyumba kama mlevi. Alimuuma mtoto wa miaka minane mguuni. Simba alimrukia, wakapigana, naye akaumwa shingoni. Vijana wa mtaa walimuua mbwa yule kwa mawe.

Majirani walikuja na ushauri. Mmoja alileta jiwe jeusi, mwingine alitaka kidonda kipakwe pilipili. Shangazi wa mtoto alikataa vyote. Alichukua bidoni ya maji na kipande cha sabuni, akaosha kidonda kwa dakika 15 huku mtoto akilia, kisha wakapanda pikipiki kwenda kituo cha afya. Alifanya vizuri. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kidonda kikioshwa mara moja na sindano zikaanza mapema, ugonjwa huzuiwa.

Ikabaki habari ya Simba. Daktari wa mifugo alitazama shingo yake, akauliza swali moja: "Mama, kadi yake ya chanjo iko wapi?"

Kadi haikuwepo. Kama angekuwa amechanjwa, angechomwa sindano nyingine na kuchungwa nyumbani. Bila chanjo, njia zilikuwa mbili: afungwe peke yake kwa miezi, mahali ambapo mtoto hafiki, au auawe. Chumba kimoja, watoto wanne, uzio wenye mapengo. Mama aliomba usiku mmoja wa kufikiri. Simba alilala nje kwenye kamba, mbali na watoto. Asubuhi mama alimsukumia kichwa kizima cha samaki, akaenda kumwita daktari.

Mtoto alimaliza sindano zake na leo anacheza mpira. Bado anauliza kwa nini Simba, aliyemtetea, ndiye aliyeuawa.

Wenye mbwa na paka mjini wasingoje swali hilo. Mbwa huchanjwa tangu miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kadiri daktari anavyoagiza, mara nyingi kila mwaka. Paka vilevile. Mnyama anayelishwa nyumbani hazururi sana kwenye majalala. Na mbwa aliyeuma mtu, kama anaweza kufungwa bila hatari, achungwe siku 10, lakini aliyeumwa asingoje siku hizo kutafuta matibabu. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Kwa hiyo chanjo ya mbwa mmoja inamlinda pia mtoto wa jirani.

Mama sasa ana mbwa mwingine, mdogo bado. Kadi yake ya chanjo ameiweka katika mfuko uleule wa plastiki wenye kadi yake ya uchaguzi na karatasi za shule za watoto. Siku ya kukimbia tena, Mungu aepushe, nayo itabebwa.