Kadi Kabla ya Homa: Barua kutoka Hamburg

Hamburg

Mwanangu Salim,

Ujumbe wako nimeupata, pamoja na lile tangazo la dalali wa bima ya "wageni" yenye bei ya kutamanisha. Kabla hujamtumia hata senti, soma barua hii mpaka chini, kisha mpe Zuhura naye aisome, maana yeye na huyo aliye tumboni ndio watakaokwenda hospitali kabla yako.

Anachouza dalali ni bima ya safari. Si utapeli, ina kazi yake. Atakayekuja Ulaya kutembea kwa visa ya Schengen lazima awe na bima ya namna hiyo, yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, na wewe utahitaji kitu kama hicho kwa siku zile za kati ya kutua uwanjani na kuanza kazi. Zinunulie siku hizo tu. Bima ya safari humtibu aliyeteguka mguu ghafla. Mimba iliyokuwapo kabla ya safari, sukari au presha uliyokuja nayo, mara nyingi huandikwa kwenye kurasa za nyuma, kwa herufi ndogo, kwamba hayamo.

Siku ya kwanza ya mkataba wako sheria ya Ujerumani inachukua nafasi. Mwajiriwa mwenye mshahara usiozidi yuro 73,800 kwa mwaka, hicho ndicho kilikuwa kiwango cha 2025, na kila Januari hubadilishwa, anaingia bima ya umma atake asitake. Fundi umeme aliyefika juzi, kama utakavyokuwa wewe, hawezi kukivuka. Kwa hiyo yeyote atakayekwambia ujisajili bima ya kampuni binafsi kwa kuwa "wewe kijana, utalipa kidogo", mwache aendelee na kahawa yake.

Wanaonaswa zaidi ni wanafunzi. Yupo kijana wa Mombasa, jina lake nalihifadhi, aliyekuja kusoma akapewa ushauri kwamba bima ya umma ya mwanafunzi, ambayo mwaka 2025 ilikuwa takriban yuro 145 kwa mwezi, ni ghali bure. Akasaini kujitoa. Hakuambiwa kwamba ukishajitoa namna hiyo huwezi kurudi mpaka umalize masomo. Mwaka wa pili akagundulika ana kisukari, kampuni binafsi aliyohamia ikajibu kwa barua fupi kwamba huo ni ugonjwa aliokuja nao. Sisi Waswahili wa hapa tukachangishana, kama tunavyochangia msiba. Mpaka leo nikimwona mwanafunzi mgeni msikitini, swali langu la kwanza ni la kadi ya bima, salamu baadaye.

Wapo wenye mishahara minono wanaoruhusiwa kwenda binafsi, na huko kweli daktari bingwa hukuona wiki hii badala ya miezi miwili ijayo. Lakini bei hupangwa kwa umri na afya uliyoingia nayo, kila mtoto hulipiwa yake, na ukishapita miaka 55 mlango wa kurudi umma karibu umefungwa kabisa. Kwa mtu mwenye nia ya kuzaa, mimi siishauri.

Sasa hesabu, usije ukashtuka na karatasi ya mshahara. Bima ya umma ni asilimia 14.6 ya mshahara kabla ya makato, na juu yake kila mfuko wa bima huongeza asilimia yake. Wastani wa mwaka 2025 ulikuwa 2.5. Mwajiri hulipa nusu ya yote. Kwa wastani huo, mshahara wa yuro 3,000 hukatwa kwako kama yuro 256, na kiasi hichohicho hutoka kwake. Bado kuna bima ya uuguzi wa uzeeni, ambayo nayo ina makato yake. Najua utasema ni wizi, wewe uliyezoea kusikia baba yako akikatwa asilimia 3 ya NHIF, bima ya afya ya kwetu Tanzania, na serikali ikitia 3, na majirani zetu wa Kenya wakilalamikia 2.75 ya SHA, bima yao. Lakini tazama kinachorudi. Zuhura, maadamu hana kipato chake, anaingia kwenye bima yako bila kulipiwa hata yuro moja, na mtoto naye akizaliwa. Hakuna muda wa kungoja. Mimba ya miezi mitano inahudumiwa tangu siku anayosajiliwa.

Mpango huu wa bima ya umma Wajerumani waliuanza 1883, zama za kansela Bismarck, ambaye hakuwapenda wafanyakazi kiasi hicho. Alikuwa akiwaogopa wasoshalisti. Mradi ulibaki.

Uliniuliza mfuko upi. Hili ndilo swali wageni wote huumizia kichwa, nami naliona jepesi kuliko yote. Mwaka 1970 nchi hii ilikuwa na mifuko zaidi ya 1,800, leo haifiki 100, na tangu 1996 mtu huchagua autakao. Sehemu kubwa kabisa ya matibabu imeamriwa na sheria, sawa kwa mifuko yote: daktari yuleyule, hospitali ileile, upasuaji uleule. Kinachotofautiana ni ile nyongeza, zawadi ndogondogo kwa wanaofanya mazoezi, na jinsi wanavyopokea simu. Tazama nyongeza isiwe kubwa, kisha piga simu uone kama kuna mtu wa kukujibu kwa Kiingereza, maana Kijerumani chako bado ni cha darasani. Wakikuchosha, baada ya miezi 12 unahama. Usipochagua, mwajiri atakuchagulia, na yeye hana sababu ya kuhangaikia nyongeza yako.

Penye taabu ni pengine: kumpata daktari wa mtaa. Hapa hospitali si mahali pa kukimbilia kila homa kama tulivyozoea kwenda hospitali ya Bombo kule Tanga alfajiri kushika foleni. Unaanza kwa daktari wa kawaida karibu na nyumbani, ndiye anayekujua na kukuandikia rufaa. Wengi wamejaa, hawapokei wapya. Kwa hiyo ukishapata anwani, wiki hiyohiyo zunguka mtaani na kadi yako mkononi, gonga mlango mmoja mmoja, ukiwa mzima. Usiku au Jumapili, ukiumwa na maisha hayako hatarini, piga 116117. Mtu akianguka, akishindwa kupumua, au damu zikitoka, 112. Ukienda mapokezi ya dharura na mafua utakaa hadi miguu ife ganzi, na ni haki yao, wanaangalia aliye taabani kwanza.

Halafu kuna malaria. Huyu daktari wa mtaa huona mafua kila saa. Malaria huenda hajaiona tangu chuo. Ukirudi likizo kutoka Tanga ukapata homa, hata baada ya wiki kadhaa, usingoje akuulize. Mwambie umetoka Tanzania na unataka kipimo cha malaria leo, si kesho. Tena usijidanganye kwamba wewe mtoto wa pwani, mwili umezoea. Ukikaa huku miaka, kinga ile hupungua. Hamburg tumebahatika: mji huu wa bandari una taasisi ya magonjwa ya tropiki tangu 1900, ya Bernhard Nocht, aliyekuwa daktari wa bandari, na hospitali ya chuo kikuu kule Eppendorf, wanayoiita UKE, ina wataalamu wa mambo hayo.

Kwa Zuhura, hospitali atachagua mwenyewe. Mume asimchagulie kwa kuangalia picha za lobi. Hospitali za uzazi huwa na jioni za kuwakaribisha wazazi. Nendeni mbili au tatu, mkaulize maswali ya kweli. Mkunga mmoja anahudumia wanawake wangapi kwa wakati mmoja? Wodi ya watoto wachanga iko jengo hilohilo, au mtoto atapelekwa kwa gari? Daktari wa kike anaweza kuombwa? (Anaweza, ila usiku wa dharura utampokea aliyepo.) Mimba ikiwa salama, hospitali ndogo ya karibu inatosha na huwa na utulivu zaidi. Ikiwa ni pacha, au presha inapanda, nendeni penye wodi kubwa ya watoto njiti. Kuna sheria hapa ninayoipenda: hospitali haitakiwi kupanga kuhudumia watoto wenye uzito chini ya gramu 1,250 kama haipokei wasiopungua 25 kwa mwaka. Magoti ya bandia nayo ni hivyohivyo, angalau 50. Mkono uliozoea ndio unaotafutwa, na hata kwa upasuaji wa baba yako siku moja, uliza idadi kabla ya kuuliza jina la profesa.

Kulipa? Hakuna atakayekuomba amana mlangoni, wanataka kadi. Mgonjwa wa kawaida aliyelazwa huchangia yuro 10 kwa siku, zisizidi siku 28 kwa mwaka, na kwa kila dawa aliyoandikiwa na daktari huchangia kati ya yuro 5 na 10. Kujifungua hakuna mchango huo. Baada ya hapo mkunga huja nyumbani, siku kumi za mwanzo hata kila siku, na mfuko ndio unaolipa.

Jambo moja mfuko haulipi ni mkalimani. Kiswahili kinafundishwa katika mji huu tangu enzi za Meinhof, yule profesa wa lugha za Kiafrika, zaidi ya miaka mia, lakini chumba cha kujifungulia kinaongea Kijerumani. Nitakwenda naye mimi. Kwa hali yoyote usimtumie mtoto wa jirani kutafsiri mambo ya mama mjamzito, nimeyaona hayo na si adabu.

Zuhura aje na kadi yake ya kliniki ya Makorora, isifungwe kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Kundi la damu, chanjo na vipimo vilivyoandikwa humo vitahamishiwa kwenye kijitabu cha uzazi cha huku. Na wewe, ukisaini mkataba tu, niandikie jina la mfuko na mtaa mtakaokaa, nianze kumtafutia mkunga. Wakunga wa Hamburg hujaa mapema, na anayetafuta mwezi wa nane wa mimba hapati.

Shangazi yako